Kwa nini mdimu ulishinda na njaa juu ya misumari

Kwetu Lamu, uani kwa bibi, kulikuwa na mdimu mmoja ulotutia wazimu sote. Majani ya zamani yalikuwa ya kijani kama kawaida lakini kila tawi jipya likichipua linatoka manjano, na si manjano ya jani linalokufa, ni manjano yenye mishipa ya kijani katikati, ukilielekeza jani juani unaona kama mtu amechora mto na vijito vyake kwa kalamu. Bibi akaliangalia akasema, "Mti huu una ndaa ya chuma." Dawa nayo ilikuwa inajulikana. Mjomba alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, akaleta kopo limejaa misumari ya zamani ilong'olewa kwenye mbao, kutu tupu, bibi akaifukia yote kuzunguka shina akamwagia maji. Tukangoja kaskazi, tukangoja kusi. Mdimu ukazidi kuwa manjano.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nishahamia Malindi, nasimama nyuma ya kaunta ya agroveti, na kila wiki lazima aje mtu na jani la manjano amelikunja ndani ya gazeti anataka "dawa ya madini". Na kitu cha kwanza nilichoelewa ni kwamba bibi hakukosea ugonjwa. Ilikuwa kweli ni njaa ya chuma. Alichokosea ni kudhani kwamba chuma hakipo.

Hebu chukua debe moja la udongo, lile la lita ishirini. Ukiwa mkavu una uzito kama kilo 25 hivi. Udongo wa kawaida duniani una chuma asilimia 3 au 4, wetu wa mchanga na matumbawe mara nyingi ni maskini zaidi, basi tuseme asilimia 1 tu ili tusigombane. Hiyo ni gramu 250, robo kilo ya chuma ndani ya debe moja. Sasa kilo nzima ya majani makavu ya mdimu inahitaji chuma kama miligramu 100, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Piga hesabu mwenyewe, debe moja linatosha kulisha kilo 2,500 za majani makavu, na ule mdimu haukuwa na mizizi kwenye debe moja, ulikuwa na ua mzima. Kabla hata misumari haijaja mti ulikuwa umekaa juu ya chuma cha kulisha shamba zima na bado unalia njaa.

Manake mmea hauna meno. Hauli udongo, unakunywa tu, na unakunywa kile kilichoyeyuka kwenye maji membamba yaliyoshika chembe za udongo. Tia sukari kijiko kwenye chai na tia changarawe kijiko kwenye chai nyengine, vyote viwili vimo kikombeni lakini ulimi wako utajua kimoja tu. Kutu ni ile changarawe. Kwa hivo ukiulizwa "udongo huu una madini gani" uulize tena swali lako, yamo mangapi au yameyeyuka mangapi, ni maswali mawili na majibu yake yanaweza kuwa mbali kama Lamu na Lunga Lunga.

Sasa nini kinaamua kipi kiyeyuke? Mambo ni mengi ila mkubwa wao ni uchachu wa udongo, kile kipimo cha pH. Saba ni katikati, chini ya saba ni uchachu kama wa ndimu yenyewe, juu ya saba ni upande wa jivu na chokaa. Watu wanasikia udongo una pH 8 badala ya 7 wanaona ni tofauti ndogo, moja tu, kumbe kila hatua moja ni mara kumi kwa uchachu, na kwa chuma ni mbaya zaidi, kila ukipanda hatua moja ile chembe huru ya chuma kwenye maji inapungua kama mara elfu. Mara elfu! Zinki inapungua kama mara mia. Kwa hivo kutoka pH 6 hadi pH 8 chuma hakijapungua kidogo, kimefungiwa ndani na ufunguo umetupwa baharini.

Na sasa fikiria uani kwa bibi. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, ikapigwa chokaa, na chokaa chenyewe kimechomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Miaka mia mbili kuta zinamwaga ungaunga wake chini, kila mvua inaongeza, kila fundi akirekebisha anamwaga masalia yake hapohapo chini ya mti. Chini ya hapo ni mwamba wa matumbawe tena. Udongo wenye chokaa namna hiyo pH yake hukaa karibu na 8 na kidogo juu, na huwezi kuishusha kirahisi, ukitia kitu chachu chokaa kinakimeza, unasikia hata inachemka kidogo ukidondoshea ndimu (jaribu, kamulia ndimu kwenye udongo mkavu wa kwenu, ukiona mapovu basi ujue una chokaa, ndicho kipimo cha bure kabisa). Ndani ya udongo huo msumari unafanya kazi moja tu, unaota kutu. Kutu inakaa kutu. Bibi alikuwa anamwekea mgonjwa sahani ya chakula nyuma ya mlango uliofungwa.

Hapahapa niseme kuhusu jivu kwa sababu ndilo linaloniumiza roho zaidi. Mtu akiona majani manjano anakimbilia jivu la jikoni, "lina madini". Lina kweli, potasiamu nyingi na kalsiamu, lakini jivu ni kali upande wa chokaa, linapandisha pH. Kama shamba lako liko kwenye mchanga mwekundu wa Magarini ambao hauna matumbawe na umeoshwa na mvua, sawa, jivu kiasi linaweza kukusaidia. Kama uko juu ya matumbawe, Lamu, Shela, Watamu, sehemu kubwa ya Malindi karibu na ufuo, unafunga kufuli la pili. Mimi mwenyewe nilimwaga jivu la mwaka mzima kwenye mpapai wangu kabla sijajua, na mpapai ulinijibu kwa majani ya rangi ya limau, usinicheke.

Haya, tuseme kitu kimeyeyuka. Kinafikaje kwenye mzizi? Naitrojeni kwa kawaida inapanda gari, mmea ukivuta maji kwa sababu jua linakausha majani, naitreti, lile umbo lake linaloyeyuka, inakuja na maji bila kulipa nauli, na kalsiamu vilevile. Fosforasi haipandi gari, inatambaa yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye chache, na inatambaa polepole mno, mzizi ukishamaliza ile ya milimita moja mbili za jirani unabaki umezungukwa na ukame wa fosforasi hata kama shamba limejaa. Ndiyo sababu DAP, ile mbolea ya fosforasi ya kupandia, inawekwa karibu na mbegu na hainyunyizwi juu tu kama chumvi kwenye wali. Na ndiyo sababu mmea unaotaka fosforasi na zinki unafanya urafiki na kuvu. Mimea mingi ya nchi kavu ina kuvu wanaoishi nusu ndani ya mzizi nusu nje, nyuzi zao ni nyembamba kuliko kinyweleo cha mzizi na zinafika mbali ambako mzizi haufiki, zinaleta fosforasi na zinki, mmea unalipa kwa sukari. Biashara ya haki kabisa, ila ukimwaga fosforasi nyingi ya dukani mmea unaona hauna haja ya kumlipa mtu, unapunguza urafiki, na unaweza kukosa zinki hapohapo huku umejaa fosforasi. Nimeona mahindi ya hivo, yamepandwa kwa mbolea ya kutosha na bado yana michirizi myeupe.

Sasa tufike mlangoni kwenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Seli ya mzizi imezungukwa na utando wa mafuta, na madini yaliyoyeyuka yana chaji kama betri, hayawezi kupita kwenye mafuta. Lazima yapite milangoni, na milango hiyo ni protini, kila mmoja na umbo lake. Nguvu ya kuvuta inatoka kwa pampu, mzizi unatumia chakula chake kutema chembe za haidrojeni nje bila kuacha, mpaka ndani ya seli kunabaki chaji hasi ya kama milivolti 120 hadi 180, yaani sehemu ya kumi hivi ya betri ya rimoti. Ndogo, lakini kwa chembe yenye chaji chanya ni mteremko mkali, inateleza kuingia ndani. Faida ya pili ya kutema haidrojeni ni kwamba ndiyo uchachu wenyewe, mzizi unachachusha udongo uliouzunguka, unajipikia.

Kwa chuma sasa mimea imegawanyika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa mdimu, mpapai, mchicha, nyanya, kunde, karibu kila kitu ambacho si nyasi. Hawa wakisikia njaa ya chuma wanatema uchachu zaidi ili kutu ilainike, halafu wana protini juu ya ngozi ya mzizi inayobadilisha chuma kutoka ile hali yake ngumu hadi hali laini inayoyeyuka, kisha mlango unakivuta ndani. Mlango huo wanasayansi waliugundua mwaka 1996 wakauita IRT1, na ushike jina hilo maana nitarudi kwake kwa ubaya.

Ukoo wa pili ni wa nyasi, na usisahau mahindi, mtama na mpunga ni nyasi. Hawa hawagombani na udongo. Wanatuma vijakazi nje, molekuli ndogo zinazotoka kwenye mzizi, zinakwenda kushika chuma kwa mikono sita kama kaa anavoshika kidole, na kurudi nacho, na mlango unamwingiza kijakazi na mzigo wake pamoja. Mjapani aitwaye Takagi ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka 1976. Katika shayiri waliona hata kuna saa, mzizi unatoa vijakazi kwa wingi saa chache baada ya jua kuchomoza kisha unanyamaza mpaka kesho.

Umeona tatizo la mdimu? Njia yake inategemea uchachu, na uani kwa bibi kila tone la uchachu linalotoka mzizini linamezwa na chokaa kabla halijafanya kazi. Ni kama kuwasha jiko mvuani. Nyasi hazijali sana chokaa kwa sababu kijakazi anashika chuma hata pH 8. Huko China kuna wakulima wanapanda karanga kwenye udongo wa chokaa na majani yanageuka manjano, lakini karanga zilizopandwa mistari karibu na mahindi zinabaki kijani, utafiti ukaonyesha mahindi yanaifanyia karanga jirani hisani bila kujua. Wazee wetu wakichanganya mahindi na kunde shamba moja sijui kama waliwahi kuwaza chuma, lakini mimi sikucheki tena mchanganyiko ule.

Sasa nirudi kwa IRT1. Mlango huu ni wa chuma lakini bawabu wake ni mvivu. Anaangalia ukubwa na chaji tu, na zinki, manganizi, kobalti wote wanafanana na chuma kiasi cha kupita. Na kadimiamu nayo inafanana. Kadimiamu haina kazi yoyote kwa mdimu wala kwa binadamu, ni sumu ya figo na mifupa, lakini bawabu haijui, anaipokea na karibu ndani. Na hapa kuna jambo la kutisha kidogo, mmea ukiwa na njaa ya chuma unafungua milango hiyo mingi zaidi, kwa hivo mmea wenye njaa ndio unaovuta kadimiamu zaidi. Njaa inakula chochote, si tunajua.

Mpunga una hadithi yake. Mpunga unapenda silika, yaani yale madini ya mchanga na kioo, unaivuta kwa milango maalumu ili bua liwe gumu lisilale kwa upepo, na kwenye jaruba lililofurika aseniki inabadilika umbo ikafanana na silika, ikapita mlango uleule. Aseniki ya umbo jengine inafanana na fosforasi na inapita mlango wa fosforasi. Ukisikia wali wa sehemu fulani una aseniki nyingi usifikirie mtu ametia sumu sokoni, ni milango tu na maji yaliyosimama. Na kadimiamu ndiyo ilowaumiza watu wa Toyama huko Japani, mto Jinzu ulikuwa unabeba takataka za mgodi hadi kwenye mashamba ya mpunga, watu wakala wali wao miaka na miaka, mifupa ikawa laini, hasa ya akina mama wazee, ikavunjika kwa kukohoa tu. Wakauita ugonjwa ule itai-itai, yaani "yauma, yauma". Serikali yao ikakubali rasmi mwaka 1968 kwamba ni uchafu wa mgodi.

Watu wananiuliza, basi na mchicha wetu? Kwa kawaida majani yanabeba zaidi, mizizi inafuata, na mbegu na matunda yanabeba kidogo, kwa sababu mmea unalinda mtoto wake. Mchicha kwa hakika ni mvutaji hodari, wa vizuri na wa vibaya. Kadimiamu inaingia shambani kwa takataka za betri na rangi, na pia polepole kwa mbolea ya fosforasi, kwa sababu mawe inakotoka mbolea mengine yana kadimiamu ndani, Ulaya wameweka kikomo tangu 2022, miligramu 60 kwa kila kilo ya fosforasi inayohesabiwa kwenye gunia.

Risasi, ile metali ya betri za gari, ni mnyama mwengine. Mmea hauna mlango wake na nyingi inayojaribu kuingia inanata kwenye kuta za mzizi haipandi juu. Mchicha ulioota kando ya barabara au nyuma ya gereji, risasi yake kubwa ni vumbi lililokaa juu ya jani, wala haikupita mzizini. Maana yake maji yana kazi, osha mara mbili tatu, maji yakitoka na mchanga rudia. Petroli yenye risasi Kenya iliachwa 2006 lakini risasi haiozi, iliyoanguka kwenye udongo ingali pale. Na wenzetu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua zaidi yangu, waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ndipo 2024 wakathibitishiwa. Kule mtoto hakuhitaji kula mchicha, kucheza kwenye udongo na kulamba vidole kulitosha.

Sasa sikia mzaha wa chokaa. Kilekile kinachomnyima mdimu chuma ndicho kinachofungia kadimiamu na risasi. Kwenye pH 8 na hizo nazo zimelala, haziyeyuki vizuri. Udongo wa matumbawe ni mlezi mkali, anafungia kabati la chakula na kabati la sumu kwa ufunguo mmoja. Kwa hivo mtu anayesema "nitachachusha udongo wangu mpaka chuma kitoke" na nyuma ya nyumba kuna dampo la zamani, amefikiria nini kingine kitatoka? Na ukimwagilia kwa maji ya chumvi ya kisima kilichoingiliwa na bahari, kama visima vingi vya Lamu nje ya eneo la vilima vya mchanga vya Shela, kloridi inaikumbatia kadimiamu na kuirudisha kwenye maji hata chokaa kikiwepo. Si jambo la kukutia hofu kama huna chanzo cha kadimiamu, ila ujue kufuli lina funguo mbili.

Hatujamaliza safari, kupita ngozi ya mzizi si kufika jikoni. Ndani ya mzizi kuna duara la seli, na katikati ya duara ndipo mabomba ya kupandisha maji. Kabla ya kufika pale madini yanaweza kujipenyeza katikati ya seli, kwenye nafasi za kuta, bila kupita mlango wowote. Lakini seli za duara lile zimezibwa baina yao. Ukimwona fundi Matondoni anatia kalafati, anasukuma pamba yenye mafuta baina ya mbao mbili mpaka maji hayapiti, ndivo hivohivo, na Mjerumani Robert Caspary ndiye aliyeueleza ukanda huo mwaka 1865. Kuanzia hapo hakuna kujipenyeza, kila kitu lazima kipite ndani ya seli, na kupita ndani ya seli ni kupita kwa bawabu. Bawabu mvivu, sawa, lakini bawabu.

Mikoko imeifanya kalafati hii kuwa fani. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na ukitaka kuona kemia kwa macho nenda huko asubuhi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, unachuja chumvi chini kwenye mzizi, inayoingia ni kidogo sana. Mchu unaruhusu zaidi kisha unaitoa juu, chukua jani la mchu siku ya jua kali, ligeuze huku na huku, utaona vumbi jeupe linametameta, lambe. Chumvi. Mtoto yeyote wa Lamu ashalamba. Mchicha hauna ufundi wote huo, sodiamu ikizidi inagombania mlango na potasiamu na mmea unanyauka ncha za majani. Mnazi ndio mwenye tabia zake, unapenda kloridi kuliko mimea mingi, Ufilipino wakulima wa minazi hushauriwa watie chumvi ya kawaida kwenye shina kama mbolea. Ukijaribu hivo kwa mdimu utauzika.

Kutoka hapo madini yanapanda na maji, jua ndilo linalovuta. Chuma hakipandi peke yake kingeganda njiani, kinasafiri kimeshikwa na asidi ya sitriki, ndiyo, hiyohiyo iliyomo ndani ya ndimu. Na kikishafika kwenye jani hakitoki tena kirahisi. Hapa ndipo unapojifunza kusoma jani kama barua. Naitrojeni, potasiamu, magnesi, hizi mmea unaweza kuzitoa kwenye jani la zamani ukampa jani jipya, kama mzazi anavojinyima, kwa hivo njaa yake inaonekana kwanza kwenye majani ya chini. Chuma, kalsiamu na boroni hazirudi, kwa hivo njaa yake inaonekana juu, kwenye chipukizi. Manjano chini ni jambo jengine, manjano juu yenye mishipa ya kijani ni chuma karibu kila mara kwenye udongo wetu, na pengine manganizi au zinki pembeni. Watu wanaleta jani moja dukani, nawaambia nenda ukaniletee jani la juu na la chini la tawi moja, wananiona nina maringo.

Basi mdimu ulipona? Ulipona nusu. Dawa ya dukani iko ya aina mbili na ni muhimu kujua, chuma kilichofungwa kwa EDTA (kemikali ya kukishika kisigande) ni rahisi lakini kwenye udongo wa pH ya juu ya saba kinaachia chuma na unarudi kwenye kutu, umetupa pesa, hicho nyunyizia majani tu. Kilichofungwa kwa EDDHA, kemikali nyengine ya kushika, ni ghali, rangi yake nyekundu kama damu ya mzee, hicho kinashika mpaka pH 9 na unaweza kukimimina chini. Shangazi, ambaye sasa ndiye aliyeutunza mdimu, hakutaka kusikia bei. Akatumia kitu ambacho Lamu hakiishi, samadi ya punda, iliyooza vizuri ikawa nyeusi, karai baada ya karai, akafunika kwa makumbi ya nazi na majani makavu. Samadi ikioza inatoa asidi zake ndogo na viumbe wanapumua ndani yake, na asidi hizo zinashika chuma kidogo kidogo kama vijakazi wa mahindi. Haigeuzi pH ya ua mzima, haiwezi, chokaa ni nyingi mno, inatengeneza tu viota vidogo ambamo mzizi unaweza kupumua. Na akakataza mafundi kumwaga chokaa uani, jambo ambalo lilileta ugomvi mkubwa kuliko madini yote.

Msimu wa pili machipukizi yalitoka kijani hafifu. Nilikuwepo siku aliyochimba shimo la pembeni kuongeza samadi, jembe likagonga kitu, akakitoa: msumari mmoja wa mjomba, umefura kwa kutu mpaka umekuwa mnene kama kidole. Umezungukwa na mizizi myeupe membamba iliyoshikamana nao kama uzi kwenye kibiringo, ilifika kabisa mpaka pale, miaka hiyo yote ilikuwa imeukumbatia. Shangazi akauangalia, akautupa kwenye karai la samadi pamoja na kinyesi.